Kalibu Iliyotazama Mlango

Alizaliwa Jumatatu ya juma la kwanza la Majilio, katika chumba cha nyuma cha duka la viatu, kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu akiwa anapaka uzi nta, na mkunga akakataa katakata kumvusha barabara. Harufu ya kwanza aliyoivuta duniani ilikuwa ya ngozi na gundi, na wale waliomjua vizuri husema hakuwahi kupenda manukato mengine. Baba yake alikuwa fundi viatu, mtoto wa fundi viatu, mjukuu wa fundi viatu, katika mtaa ambao kila mlango wa pili uligonga soli tangu asubuhi hadi jioni. Alibatizwa Jumapili iliyofuata, lakini jina la ubatizo lilibaki kwenye daftari la parokia. Mtaani aliitwa Kigoda, maana tangu alipojua kukaa hakukaa pengine ila kwenye kigoda kidogo kando ya goti la baba yake, akikusanya misumari iliyodondoka. Waamini wengi wanaomwomba leo hawalijui jina lake jingine, wala sisi hatuoni sababu ya kuwasumbua nalo.

Ili maisha yake yaeleweke, ni lazima kwanza tuseme habari za ukuta wa duka lile. Ukuta mzima ulikuwa rafu, na juu ya rafu zilipangwa kalibu, yaani miguu ya mbao ambayo fundi huivika ngozi anaposhona. Mteja mpya alipimwa, akachongewa kalibu zake mbili, zikaandikwa jina na kupewa mahali pake. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa duka. Mguu wa binadamu hupanuka kadiri anavyozeeka, kwa hiyo kila baada ya muda fundi alibandika kipande chembamba cha ngozi kwenye fundo la kidole gumba, na kalibu ikazeeka pamoja na mwenyewe. Ncha za kalibu zote zilielekea mlangoni. Mtu akisafiri, hata miaka kumi, kalibu zake ziliendelea kutazama mlango, kwa kuwa aliye hai hurudi. Mtu akifa, fundi alivua kofia, akazigeuza zikatazama ukuta, kisha akarudi kazini. Watoto wa mtaa ule walijua habari ya kifo kupitia rafu kabla ya kuifahamu kupitia katekisimu.

Fundi hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti wawili, na yule mdogo hakutaka hata kusikia harufu ya gundi. Basi ufundi wote akaumimina kwa Kigoda, akamchongea naye kalibu zake na kuzipa mahali kwenye rafu. Akiwa na miaka kumi na sita, msichana huyu alishona kiatu cha harusi peke yake. Akiwa na ishirini, wateja walianza kumwulizia yeye. Majirani hawakosi neno, nao walimtania baba: "Fundi, huyu binti yako ataolewa na cherehani?" Naye hujibu: "Cherehani haimtukani mtu." Alijivuna, na hatumlaumu. Tena macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akawa anampa binti yake sindano amtungie uzi, na kila akitungiwa alisema, "Mungu hakuninyima vyote."

Wito ulimfikia katika mwaka wake wa ishirini na nne, Jumanne ya juma la kwanza la Kwaresima, saa sita mchana. Aliingia mtu mwenye vumbi hadi kope, amebeba mkoba wa karatasi. Alikuwa mhudumu wa kufunga vidonda katika makazi ya wakoma, safari ya siku mbili kutoka pale, na huko walimwita Dresa. Karatasi zake zilikuwa michoro ya miguu ya wagonjwa, aliyoichora kwa penseli akiwasimamisha mmoja mmoja. Alikuwa amepita maduka kumi na moja. Fundi alimkaribisha kiti, akatazama mchoro mmoja, akaurudisha kwa adabu. "Ndugu yangu, kalibu za namna hiyo hatuna," alisema. Dresa akashukuru, akatoka, na jirani wa duka la pili akafagia mahali alipokanyaga. Lakini karatasi moja ilikuwa imeteleza chini ya kigoda. Binti aliiokota jioni akikusanya misumari. Ilikuwa mchoro wa mguu usio na kidole hata kimoja, na chini yake Dresa alikuwa ameandika: Huyu anapenda kutembea.

Hakusikia sauti wala hakuona mwanga, na wale wanaotaka mambo hayo katika kila wito watusamehe. Aliona maneno matatu ya penseli. Jumapili iliyofuata kanisani likasomwa somo la baba yetu Abrahamu, aliyeambiwa atoke kwao aende asikokujua, naye Kigoda akaanza kulia katikati ya somo hadi mama yake akampa leso akidhani ana mafua. Mwaka mzima alipigana. Alijiambia kwamba ni huruma tu, itapita; kwamba baba anazeeka; kwamba Mungu ana mafundi wengi. Lakini kila kiatu alichomaliza kilimwuliza kuhusu yule anayependa kutembea. Na ajabu ni kwamba siku zile ndipo alipolipenda duka kuliko wakati wowote: mwanga wa asubuhi juu ya rafu, baba akikohoa kabla ya kugonga msumari wa kwanza, sauti ya mama akiwaita kula. Aliyaona yote kwa macho ya mtu anayeaga, kabla hajakubali kwamba anaaga.

Jumatatu baada ya Pentekoste ya mwaka uliofuata, akapiga moyo konde.

"Baba, naomba ruhusa. Nataka kwenda kwa wale wakoma nikawashonee viatu."

Fundi hakuinua uso. "Kwa muda gani?"

"Sijui, baba."

"Nani atakulisha huko?"

"Sijui."

"Sasa wewe unajua nini?"

"Najua naitwa."

Nyundo ikatulia. "Na mimi ninayekuita kila asubuhi? Hapa miguu imekwisha? Nimekupa kila nilicho nacho, mwanangu. Nilisema, macho yakizima na yazime, Kigoda yupo. Haya, nenda. Lakini ukivuka mlango huo, kalibu zako nazigeuza."

Mama yake, aliyekuwa akikunja ngozi, aliziangusha. "Baba Kigoda! Mtoto yu hai, unamzikaje?" Lakini Fundi alikuwa mtu wa neno moja, na maji yakimwagika hayazoleki.

Aliondoka Alhamisi. Alichukua msharasi wake wa kutobolea ngozi, kisu na nyundo ndogo, kigoda akakiacha. Alipiga magoti nyuma ya baba yake kuomba baraka, akangoja, na mkono haukuja. Akainuka. Alipokanyaga kizingiti alisikia nyuma yake mbao zikikwaruza rafu. Baadaye maishani alimwambia Padre wa makazi kwamba katika sauti zote za dunia hii, hiyo peke yake ndiyo angeomba asiisikie tena, na kwamba aliisikia kila siku.

Makazi yalikuwa juu ya kilima kikavu, safu nne za vyumba, kanisa la bati, zahanati, na uzio ambao haukuwa na kazi kwa kuwa hakuna aliyetaka kuingia. Alipewa stoo iliyokuwa ya kuwekea majeneza. Akatoa majeneza, akaweka benchi, akatafuta mwenye ile karatasi. Alikuwa mzee aliyebeba barua kwa miguu kwa miaka thelathini kabla ya ugonjwa, akaitwa Mzee Posta. Kigoda akamchongea kalibu, akamshonea viatu kama alivyofundishwa, vyembamba, vya kukumbatia mguu, vyenye mshono usioonekana. Akauliza swali ambalo kila fundi huuliza, na ambalo baba yake alimfundisha kabla ya sala: "Kinabana wapi?"

"Hakibani popote, binti yangu! Kama nimevaa hewa!"

Siku tatu Mzee Posta alizunguka makazi yote akipeleka salamu ambazo hakuna aliyemtuma. Makazi mazima yalitoka nje kumtazama. Siku ya nne Dresa aliona damu kwenye ukanda wa soli. Walipovua kiatu, kilikuwa kimekula mguu hadi mfupa, na mzee hakuwa na habari, maana ukoma huutia mguu ganzi. Kigoda alibaki ameshika kiatu mkononi, kiatu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Dresa hakumkemea. "Hapa mguu hausemi," alimwambia. "Ukiuliza, atakayekujibu ni moyo."

Ijumaa hiyo alifunga mkoba wake, akaenda kukaa kando ya barabara, maana lori lilipita Ijumaa tu. Alikuwa ameacha nyumba, na aliweza kuiacha. Sasa aliona kwamba hata ufundi wa baba yake, kitu pekee alichokuja nacho, ulikuwa umegeuka kisu mkononi mwake. Akiwa amekaa pale alimwona Mzee Posta akiteremka kilima kwa magongo mawili, mguu umefungwa bandeji nene, akipumzika kila hatua kumi.

"Unakwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Nyumbani. Nimekuumiza, babu."

"Umeniumiza, ndiyo. Mimi sisemi uongo, nilibeba barua za watu. Lakini siku tatu nilitembea. Kipimo umekikosea, basi pima tena. Fundi akikosea kipimo huwa anahama mji?"

Lori likaja, likapiga honi, likaenda zake. Jioni ile Kigoda alianza desturi ambayo watu wa makazi waliiita saa ya miguu, na ambayo haikukatika hata siku moja kwa miaka ishirini na mitano. Kila mtu aliyevaa kiatu alikuja kukaa kwenye benchi. Kigoda aliuosha mguu, akaugeuza, akautazama kila upande, kisha akatia mkono wake mwenyewe ndani ya kiatu na kupapasa polepole. Pale mkono wake ulipoumia, hapo palibana. Aliacha kushona viatu vyembamba. Alijifunza kushona vipana, vyenye tumbo laini na soli ya mpira wa gurudumu, viatu ambavyo mtaani kwao vingechekwa hadi watu washike mbavu. Kidonda cha Mzee Posta kilifunga kabla ya Krismasi, jambo ambalo Dresa alisema kwa hesabu zake halikuwezekana. Tunalitaja kati ya maajabu yake, ingawa Kigoda aliposikia likiitwa hivyo alisema ni sabuni.

Wagonjwa waliongezeka na kalibu zikajaa stoo. Kwenye rafu yake alizielekeza zote mlangoni, na aliyefariki akamgeuzia ukutani, akivua kitambaa cha kichwa kama baba alivyovua kofia. Lakini waamini wasidhani kwamba kwa sababu alitii alipata raha. Hamu ya nyumbani haikumwacha. Kila mwezi alimwandikia baba yake barua, na kila mwezi jibu lilitoka kwa mdogo wake: mama mzima, mvua imechelewa, baba anakusikia ninapomsomea lakini hasemi kitu. Katika barua moja aliuliza kuhusu kalibu zake, na mdogo wake akajibu mambo mengine yote isipokuwa hilo. Nyumbani ni nyumbani, na yeye alikaa kila alasiri upande wa benchi unaotazama barabara. Kwa miaka aliomba kwamba Mungu amwondolee hamu hiyo. Alimwambia Padre, "Nimeitika kwa mdomo na kwa miguu. Moyo umebaki kwenye kigoda." Padre, mtu mzee asiyependa hotuba, akamwambia, "Basi mtolee Mungu ulicho nacho. Angetaka uache kumpenda baba yako, asingekupa huyo baba." Tangu siku hiyo hakuomba tena aondolewe. Aliitaja hamu yake kila Misa wakati wa vipaji, kimya, kama mtu anayeleta sahani aliyoipika mwenyewe.

Mama yake alifariki katika mwaka wa tisa, na habari ilimfikia baada ya wiki sita, wakati ambapo hata kulia kunaona haya. Alitaka kwenda. Akatuma neno kumwuliza baba kama atampokea. Halikurudi jibu, na hakuwa na ujasiri wa kwenda kuziona kalibu zake zimegeuka. Hilo yeye mwenyewe aliliita kosa lake kubwa, na sisi hatufichi makosa ya watakatifu, maana ndiyo yanayotupa nafasi ya kukaa karibu nao. Katika mwaka wa kumi na mbili, Dresa alimlazimisha siku moja kukaa kwenye benchi kama wengine. Akavua kiatu chake cha kushoto. Msumari ulikuwa umeingia katika unyayo.

"Tangu lini?" Dresa aliuliza.

Kigoda alitazama mguu wake kama anavyotazama mguu wa mteja. "Sijui," akasema. Kisha akaongeza: "Sasa na wangu hausemi."

Dawa zilisimamisha ugonjwa, lakini vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekwenda. Kwa sheria ya siku zile, aliyeugua hakuruhusiwa kutoka makazini. Barabara aliyokuwa akiitazama kwa hamu sasa ilifungwa kwake. Akajichongea kalibu mpya ya mguu wa kushoto, akaiweka kwenye rafu kati ya kalibu za wagonjwa, akaendelea na saa ya miguu. Barua zake za nyumbani hazikutaja ugonjwa. Hakutaka baba adhani kwamba Mungu aliyemwita alimdhulumu.

Katika mwaka wa ishirini na tatu sheria ile ilifutwa, na Kigoda akapanga kusafiri baada ya Pasaka. Safari hii hakutuma kuuliza. Ijumaa ya juma la nne la Kwaresima, lori lilisimama chini ya kilima, akateremka mwanamke mwenye kitenge cheusi na kifurushi. Alikuwa mdogo wake. Hakuhitaji kusema, kitenge kilikuwa kimekwisha kusema. Walikumbatiana pale pale barabarani, wakakaa chini kwenye vumbi kama watoto.

"Alinigeuzia, siyo?" Kigoda aliuliza hatimaye. "Kalibu."

"Dada, ngoja nikusimulie, ucheke. Siku ile ulipotoka aligeuza, ndiyo. Kesho yake mama akifagia akazirudisha zitazame mlango. Baba akaja, akageuza. Mama akarudisha. Miaka tisa! Siku nyingine mara mbili, na hakuna anayemwambia mwenzake neno. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Nikuandikie nini? Kila barua ingekuwa na habari tofauti."

"Na mama alipokufa?"

Mdogo wake alikipakata kifurushi. "Tulirudi kutoka makaburini. Nikasema, basi, sasa hakuna wa kumrudishia dada. Asubuhi nikaingia dukani. Zinatazama mlango. Na hakuna aliyefagia. Hazikugeuka tena hadi nilipozichukua, ila sikuthubutu kukuandikia, nisije nikaandika leo akageuza kesho."

Kisha akafungua kifurushi. Zilikuwamo zile kalibu mbili za ujana wake, lakini zimebadilika. Kwenye fundo la kidole gumba kulikuwa na vipande vyembamba vya ngozi, kimoja juu ya kingine, vimebandikwa na kulainishwa. Kila mwaka, Alhamisi baada ya Pentekoste, Fundi aliongeza kimoja. Alikuwa akiuzeesha mguu wa binti yake bila kuuona. Na chini ya kalibu kulikuwa na jozi ya viatu vyeusi, alivyovishona katika mwaka wake wa mwisho, macho yamekwisha kuzima kabisa, kwa kupapasa. Alikuwa amesema: "Mpelekee. Mwambie avivae aje."

Kigoda alivaa cha kulia. Kilimkaa sawasawa, bila kuzidi hata upana wa uzi. Akavua kile alichokuwa amevaa kushoto, na hapo ndipo mdogo wake alipouona mguu na kuziba mdomo kwa mikono. Kigoda akautia mguu katika kiatu cha baba yake. Mbele kulikuwa na nafasi tupu ya vidole vitatu. Akatikisa mguu, kiatu kikalegea, naye akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakawa machozi ya kweli. "Baba kakosea kipimo," alisema. "Maisha yake yote mara moja tu."

Msaidizi wake wa kazi, mwanamke aliyepona ukoma na kujifunza ufundi kwake, aliyekuwa amewafuata barabarani, aliinama akakishika kiatu. "Lete, mama, nikipunguze. Nusu saa tu."

"Usikikate," Kigoda alisema. "Ndivyo anavyonijua. Siku ya ufufuo nitakijaza."

Kalibu zile akaziweka rafu ya juu, akajaza pamba palipokuwa patupu, na tangu siku hiyo alivaa viatu vile Jumapili tu, kutoka stoo hadi altare na kurudi. Jioni aliketi kwenye benchi kama wote, na msaidizi wake akamkagua. Hakwenda tena nyumbani. Pasaka ilipopita alisema hakuna anayemngoja huko ambaye hatamkuta mbele za Mungu. Alifariki katika mwaka wa ishirini na tano wa utumishi wake, Jumatano ya oktava ya Pasaka, saa tisa alasiri, amelazwa penye mwanga wa dirisha linalotazama barabara. Alikuwa katika mwaka wake wa hamsini. Alizikwa na viatu vya baba yake miguuni, na cha kushoto, kwa agizo lake, walikitoa pamba.

Maajabu yanayosimuliwa kwa maombezi yake ni mengi, na Kanisa lina subira katika kuyapima. Padre aliyetumwa na askofu kukusanya ushuhuda alimwuliza Mzee Posta, aliyekuwa mkongwe sana wakati huo, ni ajabu gani aliyoiona kwa macho yake. Mzee akajibu, "Alinishika mguu." Padre akasema hilo si ajabu. Mzee akamwambia, "Basi nishike wewe." Inasemekana padre aliweka kalamu chini, akapiga magoti, akamshika. Ushuhuda huo umo katika majalada, pamoja na jina la padre.

Basi, ndugu mpendwa, huenda nawe unaitwa utoke mahali unapopapenda, na unangoja kwanza moyo uache kuuma ndipo uamini kwamba ni Mungu. Usingoje. Kigoda alitoka na moyo unauma, ukauma hadi mwisho, na hakuwa amekosea njia. Msaidizi wake angali anashona katika stoo ile, na saa ya miguu ipo. Wagonjwa wa makazi yale walijua vizuri kwamba wafu hugeuziwa ukuta, na wengine walishuhudia alivyogeuza kalibu za ndugu zao. Lakini siku ya mazishi yake, msaidizi alipozishika kalibu zile zilizobandikwa ngozi na baba, watu waliojaa stoo walisema kwa sauti moja asiziguse. Ziko pale hadi leo, rafu ya juu, zinatazama mlango.